Kutuliza Kamera Bila Tripodi: Kuanzia Nyika ya Taveta Hadi Simu ya Mfukoni

Leo tuweke kando kidogo mambo ya hifadhidata na seva, tuzungumze historia. Ni historia ya jambo ambalo kila mwenye simu amekutana nalo: unapiga picha, unaitazama, na imetoka na ukungu kwa sababu mkono ulitikisika.

Kwetu ni Mata, wadi ya Taveta katika Kaunti ya Taita Taveta. Upande mmoja tuna Ziwa Jipe, na ng'ambo ya ziwa ni milima ya Upare, Tanzania. Upande mwingine ni mbuga ya Tsavo West. Kilimanjaro nao unatuchungulia siku mawingu yakikubali. Wageni hulipa pesa nyingi kuja kupiga picha mandhari haya. Lakini kwa mwenyeji, picha isiyo na ukungu si urembo tu. Ndovu wakiingia shambani usiku, mkulima ana haki ya kuomba fidia chini ya Sheria ya Uhifadhi na Usimamizi wa Wanyamapori ya 2013. Akienda kudai, picha ya mahindi yaliyokanyagwa, ya nyayo, au ya ndovu mwenyewe ina uzito kuliko maneno matupu. Picha ya ukungu inamrudisha kwenye maneno matupu. Na nani analala na tripodi (ile stendi ya miguu mitatu) kando ya kitanda?

Kwa hiyo swali la leo: binadamu wamefanya nini tangu zamani ili kamera itulie bila stendi? Jibu lina mambo mengi yaliyotokea huku huku kwetu, na mwisho wake ulinishangaza hata mimi ninayeandika programu kila siku.

KWANZA, TATIZO LENYEWE

Kamera huacha mwanga uingie kwa muda fulani. Ikisogea katika muda huo, kila nukta ya mwanga inachora mstari badala ya nukta. Na mkono lazima usogee. Misuli ya mtu mzima wa afya hutetemeka mara 8 hadi 12 hivi kwa sekunde. Si ugonjwa wala woga, ndivyo tulivyoumbwa. Ongeza kupumua, mapigo ya moyo na mwili kuyumba, umepata picha kamili ya adui wetu.

Tufanye hesabu kidogo. Tuseme simu yako inatoa picha yenye upana wa pikseli 4000, na lenzi yake inaona nyuzi 70 kutoka kushoto hadi kulia. Kila pikseli inachukua nyuzi 0.0175. Sasa tuseme mkono wako unageuka taratibu tu, nyuzi 1 kwa sekunde:

- Mwanga ukiingia kwa 1/250 ya sekunde, picha inasogea robo ya pikseli. Huoni kitu.
- Kwa 1/30 ya sekunde, inasogea karibu pikseli 2. Inaanza kulegea.
- Kwa 1/8 ya sekunde, inasogea pikseli 7. Imeharibika.
- Ukivuta karibu mara 10 kwa lenzi, ile 1/30 inakuwa pikseli 19!

Hapo unaona mambo mawili. Kwanza, muda mfupi unaponya. Pili, kadiri unavyovuta karibu ndivyo mkono unavyokusaliti. Wapiga picha wa filamu ya milimita 35, iliyopata umaarufu baada ya kamera ya Leica kutoka mwaka 1925, walifupisha hesabu hii kuwa kanuni moja: lenzi ya milimita 50, usizidi 1/50 ya sekunde, lenzi ya milimita 400, usizidi 1/400. Kanuni hiyo ingali inafundishwa.

ZAMANI ZA SAHANI ZA KIOO

Mwaka 1860 James Augustus Grant, aliyesafiri na Speke kutafuta chanzo cha Nile, alipiga picha Zanzibar. Wakati huo picha ilipigwa kwenye sahani ya kioo iliyopakwa dawa ikiwa bado mbichi, na kuoshwa papo hapo ndani ya hema lenye giza. Sahani ilihitaji sekunde kadhaa za mwanga. Kushika kamera mkononi hakukuwezekana kabisa. Kwa joto la hema lile, Grant aliiacha kamera walipoelekea bara, akachora kwa mkono.

Kilichobadilisha mambo ni sahani kavu, zilizoanza na majaribio ya Richard Maddox wa Uingereza mwaka 1871. Kufikia miaka ya 1880 sehemu ndogo ya sekunde ilitosha kupata picha juani, na mwaka 1888 George Eastman akaanza kuuza Kodak yake ya kushika mkononi. Tazama vizuri hapa: hakuna aliyetuliza mkono. Kilichofupishwa ni muda, mkono ukakosa nafasi ya kuharibu.

Lakini dawa hiyo ilitaka jua. Simba wa Tsavo waliowaua wafanyakazi wa reli mwaka 1898 walikuja usiku. Ndiyo maana picha maarufu za J. H. Patterson ni za simba waliokwisha uawa. Maiti hatikisiki, na mchana upo.

Mjerumani Carl Georg Schillings ndiye aliyeleta jibu la usiku. Alifanya safari kadhaa katika nyika iliyo chini ya Kilimanjaro kuelekea mto Pangani, yaani majirani zetu hasa, kwani maji ya Ziwa Jipe hutoka kwa mto Ruvu na kuingia Pangani. Alitumia unga wa magnesi uliolipuka na kutoa mwanga mkali kwa muda mfupi sana, na kitabu chake cha 1905 kikawaonyesha watu wa Ulaya simba wakiwa hai gizani. Tena ni dawa ile ile: mwanga mwingi, muda mfupi.

Tusisahau waliobeba. Sahani za kioo, masanduku, stendi na kemikali vilisafiri juu ya vichwa na mabega ya wapagazi wetu, na majina yao hayakuandikwa chini ya picha. Kila kilo iliyopungua kwenye kamera ilipunguza mzigo wa mtu. Hilo nalo ni sehemu ya historia ya kupiga picha bila stendi.

AKELEY NA GURUDUMU ZITO

Dawa ya pili ilizaliwa kutokana na hasira iliyompata Mmarekani mmoja hapa Kenya. Carl Akeley wa jumba la makumbusho la New York alikuwa huku kati ya 1909 na 1911. Mwaka 1910 aliwaomba wapiganaji wa Kinandi wawinde simba kwa mikuki ili yeye awapige picha za sinema. Mikuki ilikwenda haraka, simba alikwenda haraka, kamera yake haikuweza kuwafuata. Kugeuza kamera za wakati ule kulikuwa kama kugeuza trela kwenye uchochoro.

Akeley alirudi kwao na kubuni kamera yake mwenyewe, akapata hataza mwaka 1915. Katika kichwa cha stendi aliweka gurudumu dogo zito lililounganishwa kwa meno ya gia. Ukigeuza kamera, gurudumu linazunguka kwa kasi. Ukishtuka, gurudumu linakataa kubadilisha mwendo ghafla, kwa hiyo mshtuko wa mkono haufiki kwenye filamu. Robert Flaherty aliitumia kamera hiyo kwenye theluji ya Kanada kwa filamu yake ya 1922, Nanook of the North, na Martin na Osa Johnson waliitumia huku kwetu kwa Simba ya 1928.

Ndiyo, kamera ya Akeley ilikaa juu ya stendi. Naitaja kwa sababu ya wazo lake: mtetemo hauondolewi kwa kukaza mkono, unamezwa na uzito. Wazo hilo tutakutana nalo tena.

ANGANI NA MAJINI

Kuna mahali ambapo hata stendi nzuri kiasi gani haisaidii, kwa sababu pale unapoisimamisha ndipo panapotikisika. Wavuvi wa Jipe wanajua: ndani ya mtumbwi, stendi inayumba pamoja na mtumbwi.

Vita vya Kwanza vya Dunia viliwafundisha marubani jambo hilo. Tarehe 12 Februari 1916 wanajeshi wa Afrika Kusini walishambulia kilima cha Salaita, karibu na Taveta. Mizinga ilipiga kilele, kumbe mahandaki ya Wajerumani yalikuwa chini, yamefichwa na vichaka. Shambulio lilishindwa. Ndege zilikuwepo karibu, kwani kikosi namba 26 cha Royal Flying Corps kilikuwa Mbuyuni, hatua chache kutoka hapo kwa ndege. Vita vile vilionyesha kila mahali kwamba jicho la rubani halitoshi, na jeshi linahitaji picha linayoweza kuikagua polepole mezani.

Kamera ya kwanza ya Waingereza iliyotengenezwa maalumu kwa kazi hiyo, aina ya A ya mwaka 1915, ilishikwa mkononi! Mpiga picha aliinama nje ya ndege, upepo ukimpiga, akabadilisha sahani za kioo kwa vidole vilivyokufa ganzi. Shida yake kubwa ilikuwa injini. Ukiegemeza kamera kwenye mbao za ndege, mtetemo wote wa injini unaingia kwenye picha. Ukiishika kwa mikono iliyolegea kidogo, nyama na misuli yako inakuwa springi inayomeza mtetemo wa haraka. Kamera zilizofuata zilifungwa kwenye ndege, lakini ikabidi wabuni njia za kuikinga dhidi ya mtetemo ule. Somo hili bado lina faida. Ukiwa ndani ya gari mbugani, injini ikinguruma, usiegemeze simu kwenye mlango. Mwambie dereva azime.

Majini mambo ni tofauti, na mfano wake uko katika kaunti yetu. Alan na Joan Root, wapiga filamu wa Kenya, walipiga filamu viboko wakiwa chini ya maji katika chemchemi za Mzima, Tsavo West, hizo hizo zinazopeleka maji Mombasa kwa bomba. Kule chini huna pa kusimamisha stendi, na maji yenyewe yanafanya kazi ya gurudumu la Akeley. Kamera ndani ya sanduku lake haielei wala haizami, na kila inapotaka kusogea ghafla, maji yanaizuia. Mwendo wa taratibu unapita, mtikisiko wa haraka unakwama. Bei ya utulivu huo ilikuwa nyingine: kiboko mmoja alimng'ata Alan mguu na kuutoboa.

STEADICAM, KISHA JAIROSKOPU

Katika miaka ya 1970 Mmarekani Garrett Brown aliuvalisha mwili wa mpiga filamu wazo la uzito. Chombo chake, Steadicam, kina fulana ngumu, mkono wenye springi, na nguzo yenye kamera juu na vitu vizito chini. Uzito ukitawanywa mbali na kitovu, kamera inakuwa mvivu wa kugeuka. Mwaka 1976 chombo hicho kilionekana katika Bound for Glory na katika Rocky, pale bondia anapopanda ngazi mbio na sisi tunapanda naye bila kuyumba.

Hadi hapo mashine zote zilikuwa bubu. Zilizuia mtetemo bila kujua mtetemo wenyewe ni upi. Hatua iliyofuata ilikuwa kuupima. Mwaka 1995 Canon walitoa lenzi ya milimita 75-300 yenye vihisi vya jairoskopu ndani. Vihisi vinaiambia kompyuta ndogo kamera inageukia wapi, nayo inasukuma kipande cha kioo upande wa pili, mara nyingi kila sekunde. Lenzi hiyo iliruhusu mwanga uingie kwa muda mrefu mara 4 hivi kuliko ile kanuni ya Leica. Mwaka 2003 Minolta, katika kamera ya DiMAGE A1, waliacha kusukuma kioo, wakasukuma kihisi cha picha chenyewe.

Kwetu sisi waandishi wa programu huu ni mzunguko tunaoujua: pima, linganisha, sahihisha, rudia. Tofauti ni kwamba ukichelewa hapa, mwanga haukusubiri.

Jairoskopu zikazidi kuwa ndogo hadi zikaingia kwenye simu. iPhone 4 ya 2010 ilikuwa nayo, na Nokia Lumia 920 ya 2012 ikawa simu ya kwanza kutuliza lenzi yake yenyewe. Mashine iliyoanza kama chuma cha Akeley sasa ni punje isiyofika ukubwa wa kunde.

PROGRAMU INAINGIA KAZINI

Sasa tunafika kwenye sehemu ninayoipenda zaidi.

Mwaka 2018 Google walitoa Night Sight kwenye simu za Pixel. Badala ya picha moja ya muda mrefu, simu inapiga nyingi za muda mfupi, kwa mfano 15 za 1/15 ya sekunde kila moja. Kila moja ni nyeusi na ina chengachenga, lakini haina ukungu sana. Kisha programu inazipanga moja juu ya nyingine, pikseli kwa pikseli, na kuzijumlisha. Chengachenga hubadilika kutoka picha moja hadi nyingine, kwa hiyo zinafutana. Ndovu na mti vinabaki. Ni akili ile ile ya sahani kavu, muda mfupi, lakini sasa unaukata muda mrefu vipande vipande halafu unaushona.

Jambo la ajabu zaidi liko kwenye zumu ya simu ya Pixel 3 ya mwaka huo huo, na wahandisi wake walilieleza katika andiko la kitaalamu la 2019. Kila pikseli ya kihisi huona rangi moja tu: nyekundu, kijani au bluu. Rangi mbili nyingine hukisiwa kutoka kwa majirani. Sasa mkono ukitetemeka kidogo kati ya picha na picha, pikseli iliyoona nyekundu mahali fulani inasogea, na jirani yake wa kijani anapata zamu ya kupaona mahali pale pale. Ukikusanya picha kadhaa, huhitaji tena kukisia. Unapata maelezo ambayo picha moja isiyotikisika isingekupa.

Yaani mtetemo wa mkono umekuwa chanzo cha habari!

Sasa, ukiiweka simu hiyo kwenye tripodi, mtetemo unakosekana. Walifanya nini? Waliiamuru lenzi ijitikise yenyewe kidogo. Miaka mia moja na zaidi ya stendi, magurudumu, springi na jairoskopu, halafu tumefika mahali simu iliyotulia kabisa inajitikisa makusudi ili ione vizuri.

Mimi nimejifunza hapo jambo linalopita kamera. Kwa muda mrefu tuliuchukulia mkono wa binadamu kama kosa la kurekebishwa. Maendeleo makubwa yalikuja pale watu walipoacha kumlaumu mwenye mkono na kuanza kuupima mkono wenyewe, kisha kuutumia. Programu nyingi tunazoandika zingali zinamlaumu mtumiaji.

KWA MKULIMA WA MATA

Tahadhari moja ni muhimu sana. Vitulizaji vyote hivi hutibu mtikisiko wa mkono WAKO. Havimtulizi ndovu. Ndovu akitembea gizani, simu ikipiga picha 15, kila moja ina ndovu mahali tofauti, na utapata kivuli chenye miguu sita. Kwa kitu kinachotembea dawa bado ni ya Schillings: mwanga zaidi, muda mfupi. Fleshi ya simu haifiki mbali, na kumsogelea ndovu ili imfikie ni kutafuta kifo. Usijaribu. Subiri kupambazuke, upige nyayo na uharibifu, vitu ambavyo havikimbii.

Na kwa kila kitu kilichosimama, hizi hapa mbinu za bure:

1. Viwiko vibane mbavuni, simu shika kwa mikono miwili. Mikono iliyonyooshwa mbele ni tawi kwenye upepo.
2. Toa pumzi taratibu kama mlenga shabaha, kisha bonyeza. Bora zaidi tumia kipima muda cha sekunde 2, kwa sababu kugusa kioo kwenyewe kunatikisa.
3. Egemea mti, ukuta au nguzo ya ua. Kaa chini, magoti yawe meza ya viwiko.
4. Mfuko wa maharagwe! Wapiga picha wa Tsavo huweka mfuko kama huo kwenye dirisha la gari na kulaza lenzi juu yake. Punje zinajipanga kufuata umbo la kamera. Maharagwe ya nyumbani yanatosha, na jioni unayapika.
5. Kwa kamera yenye tundu la skrubu chini yake, funga kamba kwenye skrubu, kanyaga ncha ya pili, kisha vuta kamera juu hadi kamba ikaze. Kamba iliyokazwa inaukatalia mkono kuyumba.
6. Usivute zumu. Sogea kwa miguu ikiwa ni salama. Kumbuka zile pikseli 19.
7. Piga picha nyingi za kitu kimoja. Kati ya kumi, moja itaangukia pale mkono ulipotulia. Ndiyo Night Sight ya maskini.

Mbinu ya nne na ya tano ni za zamani kuliko simu yoyote, na hazihitaji chaji.

Haya, kwa leo naishia hapo. Wiki ijayo tunarudi kwenye hifadhidata, nawaahidi. Kaeni salama.